Mwongozo kamili: Kusubiri kifaa ndani ya draiva ya Linux bila kubahatisha

Kosa ninaloletewa mara nyingi kuliko yote na wanaojifunza kuandika draiva ni lile lile. Skrini ndogo ya herufi 16 kwa mistari 2 iliandika vizuri jana ikiwa imeunganishwa kupitia bodi ndogo ya I2C (njia ya kutuma data kwa waya mbili). Leo imeunganishwa moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi, inaonyesha miraba au herufi zisizosomeka. Mtu anaongeza `msleep(1)` hapa, `mdelay(10)` pale, inakubali, kesho inakataa tena.

Tatizo si skrini. Namba za kusubiri zilikisiwa. Mwongozo huu unafuata kifaa kimoja, skrini yenye chipu ya HD44780 au nakala zake, kuanzia datashiti (hati ya kiwanda yenye maelezo ya chipu) hadi kipimo. Njia ni hiyo hiyo kwa sensa, kadi ya mtandao au chipu nyingine yoyote.

Nachukulia kwamba tayari unaweza kujenga moduli ya keneli, kuipakia kwa `insmod`, na kupata pini zako kupitia `devm_gpiod_get()`. Kama bado, anza huko kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Raspberry Pi yenye Linux, pamoja na faili za heda zinazolingana kabisa na toleo unaloliona kwa `uname -r`.
- Skrini ya 16x2, bredibodi, waya za jampa, na potenshomita ya kΩ 10 ya kurekebisha ung'avu wa maandishi.
- Datashiti ya HD44780U. Ifungue sasa hivi, usiiache kwa baadaye.
- Logiki analaiza ndogo ya chaneli 8 yenye kasi ya MHz 24. Zile za bei nafuu zinatosha.
- Testa ya kupima volti.

Onyo kabla ya kuwasha umeme. Skrini inatumia volti 5, lakini pini za Raspberry Pi zinavumilia volti 3.3 tu. Skrini inaposomwa, yenyewe ndiyo inayosukuma volti 5 kwenye waya za data, na pini za Pi zinaweza kuungua. Kwa hiyo funga pini ya R/W (inayochagua kusoma au kuandika) kwenye ardhi, ili skrini iwe ya kuandikiwa tu. Upande wa pili hauna shida: skrini inayopewa volti 5 inahesabu volti 2.2 na kuendelea kuwa ni 1, kwa hiyo 3.3 kutoka Pi inatambulika.

Kufunga R/W kuna gharama yake. Skrini hii ina biti ya "nina kazi" inayosomeka kwenye waya wa data wa DB7, na sasa huwezi kuisoma. Huna tena namna ya kuiuliza kama imemaliza, inabidi uhesabu muda mwenyewe. Ndiyo maana namba zako lazima ziwe sahihi.

## Hatua ya 1: Andika jedwali la muda kabla ya kodi

Chukua karatasi. Pitia datashiti utoe kila muda unaokuhusu:

| Tukio | Muda wa chini |
|---|---|
| Baada ya umeme kufika volti 2.7 | 40 ms |
| Baada ya amri ya kwanza ya kuamsha | 4.1 ms |
| Baada ya amri ya pili ya kuamsha | 100 µs |
| Amri ya kawaida au herufi moja | 37 µs |
| Kurudisha kishale mwanzo | 1.52 ms |
| Pini ya E kukaa juu | 230 ns kwa volti 5, 450 ns kwa volti ndogo |

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyaruka hapa.

La kwanza: 37 µs si ahadi. Namba hiyo inahesabiwa kwa saa ya ndani ya skrini ikienda kwa kHz 270, na datashiti hiyo hiyo inasema saa inaweza kuwa popote kati ya 190 na 350. Skrini yako ikiwa ya polepole, hesabu ni 37 × 270 ÷ 190, yaani karibu 53 µs. Kwa kurudisha kishale, 1.52 ms inakuwa karibu 2.2 ms. Hii ndiyo sababu kodi yenye `udelay(40)` inakubali kwenye skrini ya rafiki yako na kukataa kwenye yako. Mimi naweka 60 µs kwa amri ya kawaida, na 2.5 ms kwa kurudisha kishale na kufuta skrini.

La pili: jiulize kama muda ni sakafu au ni dari. Sakafu maana yake "subiri angalau hivi, ukizidisha hakuna ubaya". Dari maana yake "usipite hapa". Skrini hii karibu yote ni sakafu, na ndiyo maana inafaa kujifunzia. Linganisha na sensa ya joto ya DHT22: hapo biti ya 0 ni pini kukaa juu kwa 26 hadi 28 µs, na biti ya 1 ni 70 µs. Ukichelewa kuitazama umeshapoteza data. Kifaa cha namna hiyo hakitibiwi kwa kusubiri. Unatumia intarapti (ishara ya kifaa inayomkatiza prosesa) na kuandika saa ya kila badiliko. Draiva ya `dht11` iliyomo ndani ya keneli inafanya hivyo.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali ambalo kila mstari una namba, chanzo chake, na neno "sakafu" au "dari" pembeni.

## Hatua ya 2: Tambua kama unaruhusiwa kulala

Kusubiri kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuzunguka: prosesa inahesabu bila kufanya kingine hadi muda uishe. Ya pili ni kulala: unaiachia keneli prosesa, wengine wanafanya kazi zao, wewe unaamshwa baadaye.

Kulala ndiyo adabu, lakini hakuruhusiwi kila mahali. Ukiwa ndani ya intarapti, ndani ya taima ya keneli, au umeshika `spin_lock` (kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka), usilale. Keneli haina namna ya kukuamsha kwa usalama, na itakuandikia kwenye `dmesg`:

```
BUG: scheduling while atomic
```

Au, kama umewasha `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`:

```
BUG: sleeping function called from invalid context
```

Nakuomba uwashe chaguo hilo kwenye keneli yako ya majaribio. Bila hilo, draiva inaweza kulala mahali pasiporuhusiwa kwa miezi bila dalili, kisha siku moja mashine nzima ikaganda.

Kwa skrini yetu mambo ni rahisi. Maandishi yanatoka kwa programu ya kawaida kupitia `write()`, hapo unaruhusiwa kulala. Tumia `mutex` (kufuli linaloruhusu kulala) kulinda skrini, wala si `spin_lock`. Na kama intarapti fulani inataka kubadilisha maandishi, isiguse skrini yenyewe. Iweke kazi kwenye foleni kwa `schedule_work()`, kazi hiyo itaandika baadaye mahali ambapo kulala ni halali.

Kama huna hakika fankshoni yako inaitwa kutoka wapi, weka `might_sleep();` kwenye mstari wa kwanza. Chaguo lile likiwa limewashwa, keneli itapiga kelele mara tu mtu akiiita kutoka mahali pabaya.

## Hatua ya 3: Chagua fankshoni kwa urefu wa muda

- Chini ya 10 µs: `udelay()`. Inazunguka. Kulala kwa muda mfupi hivyo kunagharimu zaidi ya kusubiri kwenyewe.
- Kati ya 10 µs na 20 ms: `usleep_range(chini, juu)`. Inalala kwa kutumia taima zenye usahihi mkubwa.
- Zaidi ya 20 ms: `msleep()`.
- Hutaki kuchagua: `fsleep()`, iliyoingia keneli ya 5.8, inachagua yenyewe kati ya hizo tatu. Ila ujue inaweza kulala, kwa hiyo usiiite ndani ya intarapti.

Kuhusu `ndelay()`, usihangaike nayo. Kwenye baadhi ya prosesa inakuzwa tu hadi `udelay(1)`.

Sasa, kwa nini nisitumie `msleep(1)` kila mahali? Kwa sababu `msleep()` inategemea tiki ya keneli. Keneli yenye HZ=100 (tiki 100 kwa sekunde) ina tiki ya 10 ms, na `msleep(1)` inaweza kukulaza karibu 20 ms. Fanya hesabu kwenye skrini yetu: herufi 32, kila moja inatumwa kwa nusu mbili za biti 4, na umeweka `msleep(1)` baada ya kila nusu. Ni mara 64 × 20 ms, yaani sekunde 1.28 kujaza skrini ndogo kabisa. Utaziona herufi zikijitokeza moja moja kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Kwa 60 µs kwa herufi, kusubiri kote hakufiki 2 ms.

Angalia HZ yako:

```
sudo modprobe configs
zcat /proc/config.gz | grep CONFIG_HZ
```

Upande wa pili, `mdelay(10)` inafunga prosesa nzima kwa 10 ms bila kazi yoyote. Kwenye bodi yenye prosesa moja, sauti itakatika na mtandao utasita. Ikikutana nawe kwenye kodi yako, jiulize kwanza kwa nini usilale.

Kwenye `usleep_range()`, usiweke chini na juu sawa. Ile nafasi katikati ndiyo inayoiwezesha keneli kuunganisha kuamka kwako na kwa wengine, na kuokoa umeme. Kwa sakafu kama hii, mpe nafasi kubwa.

## Hatua ya 4: Pigo la E

E ndiyo pini inayoiambia skrini "chukua sasa". Skrini inasoma data E inaposhuka. RS ni pini inayoiambia kama baiti ni amri au herufi. Data lazima iwe imetulia kabla, na E ikae juu muda wa kutosha.

```c
#define LCD_AMRI_US  60
#define LCD_FUTA_US  2500

static void lcd_pigo(struct lcd *l)
{
        udelay(1); /* data itulie */
        gpiod_set_value_cansleep(l->e, 1);
        udelay(1); /* sakafu: 450 ns */
        gpiod_set_value_cansleep(l->e, 0);
        udelay(1); /* kabla ya pigo lijalo */
}

static void lcd_nusu(struct lcd *l, u8 n)
{
        int i;

        for (i = 0; i < 4; i++)
                gpiod_set_value_cansleep(l->d[i], (n >> i) & 1);
        lcd_pigo(l);
}

static void lcd_baiti(struct lcd *l, int rs, u8 b)
{
        gpiod_set_value_cansleep(l->rs, rs);
        lcd_nusu(l, b >> 4);
        lcd_nusu(l, b & 0x0f);
        usleep_range(LCD_AMRI_US, LCD_AMRI_US * 3);
}
```

Tazama usingizi uko wapi: baada ya nusu ya pili tu. Skrini haianzi kazi mpaka ipokee baiti nzima, kwa hiyo kusubiri 60 µs kati ya nusu mbili ni kupoteza muda.

Hapa pia ndipo fumbo la bodi ndogo ya I2C linapofumbuka. I2C ya kHz 100 inatumia karibu 90 µs kusafirisha baiti moja pamoja na jibu lake. Kupandisha E ni angalau baiti moja, kuishusha ni nyingine. Kwa hiyo kodi isiyo na `udelay` hata moja ilikuwa inasubiri zaidi ya 60 µs bila mwandishi kujua! Waya ilikuwa ikimsubiria. Ulipoiondoa na kwenda moja kwa moja kwenye pini, E ikawa inapanda na kushuka kwa kasi ambayo skrini haiwezi kuifuata.

Mwiko mmoja: usibadilishe `udelay(1)` kuwa luupu tupu ya `for (i = 0; i < 1000; i++);`. Kompaila inaweza kuifuta yote, na hata ikibaki, urefu wake unabadilika na kasi ya prosesa.

## Hatua ya 5: Kuamsha skrini

Mfuatano huu ndio unaoshinda watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote:

```c
static void lcd_amsha(struct lcd *l)
{
        gpiod_set_value_cansleep(l->rs, 0);
        msleep(50);

        lcd_nusu(l, 0x3);
        usleep_range(5000, 6000);
        lcd_nusu(l, 0x3);
        usleep_range(200, 400);
        lcd_nusu(l, 0x3);
        usleep_range(200, 400);
        lcd_nusu(l, 0x2);
        usleep_range(LCD_AMRI_US, LCD_AMRI_US * 3);

        lcd_baiti(l, 0, 0x28); /* Biti 4, mistari 2 */
        lcd_baiti(l, 0, 0x08); /* Zima maandishi */
        lcd_baiti(l, 0, 0x01); /* Futa */
        usleep_range(LCD_FUTA_US, LCD_FUTA_US + 1000);
        lcd_baiti(l, 0, 0x06); /* Kishale kiende kulia */
        lcd_baiti(l, 0, 0x0c); /* Washa maandishi */
}
```

Kwa nini 0x3 mara tatu? Kwa sababu hujui skrini iko katika hali gani. Umeondoa moduli kwa `rmmod` ukairudisha, lakini umeme wa skrini haukukatika. Huenda ilikuwa imepokea nusu ya baiti na inangoja nusu ya pili.

Fuata kisa kimoja kwa karibu. Draiva ya zamani ilikatizwa ikiwa imetuma nusu ya 0x0. Sasa unatuma 0x3 yako ya kwanza. Skrini inaziunganisha na kusoma 0x03, ambayo kwake ni amri ya kurudisha kishale mwanzo. Inaanza kazi hiyo, na kwa saa ya polepole inachukua karibu 2.2 ms. Ukituma 0x3 ya pili baada ya 100 µs, skrini iko kazini, haikusikii, na kuanzia hapo kila baiti unayotuma inakatwa vibaya katikati. Ndiyo sababu ya kusubiri 5 ms baada ya ile ya kwanza. Mara tatu zikipita salama, skrini iko kwenye biti 8 bila shaka, na 0x2 inaishusha kwenye biti 4.

Utajua umefaulu ukiweza kufanya `rmmod` na `insmod` mara 20 mfululizo bila kuchomoa umeme, na kila mara maandishi yatoke safi. Jaribio la mara moja halitoshi. Miraba kwenye mstari wa juu peke yake maana yake mfuatano haukupokelewa kabisa: kagua waya za E na RS kwanza. Herufi za ajabu maana yake nusu zimepishana: rudi kwenye 5 ms.

## Hatua ya 6: Kifaa kinachojibu, kiulize kwa kikomo

Skrini yetu haijibu, lakini vifaa vingi vina rejista ya hali. Hapo usisubiri muda uliokadiria. Uliza, ila uweke kikomo. Luupu kama `while (!(readl(...) & TAYARI));` itaganda milele siku kifaa kitakapokufa au kuchomolewa.

Keneli imeshakuandalia hili ndani ya `linux/iopoll.h`:

```c
ret = readl_poll_timeout(d->msingi + REJ_HALI, hali,
                         hali & BITI_TAYARI, 100, 50000);
if (ret) {
        dev_err(d->dev, "kifaa hakikujibu, hali=%08x\n", hali);
        return ret;
}
```

Inasoma, inalala hadi takriban 100 µs, inasoma tena, hadi 50 ms, kisha inarudisha `-ETIMEDOUT`. Inafanya pia jambo ambalo wanaojiandikia wenyewe husahau: muda ukiisha, inasoma mara moja ya mwisho kabla ya kutangaza kushindwa. Draiva yako inaweza kulazwa muda mrefu na mashine iliyoelemewa, ukaamka kikomo kimepita, kumbe kifaa kilimaliza zamani. Mahali usiporuhusiwa kulala, tumia `readl_poll_timeout_atomic()` na kikomo kifupi.

Kama kifaa kina intarapti, ni bora zaidi. Lala hadi fankshoni ya intarapti hiyo iite `complete()`:

```c
reinit_completion(&d->imeisha);
writel(ANZA, d->msingi + REJ_AMRI);
if (!wait_for_completion_timeout(&d->imeisha, msecs_to_jiffies(100)))
        return -ETIMEDOUT;
```

`reinit_completion()` itangulie `writel()`. Ukizipindua, kifaa chenye kasi kinaweza kumaliza kabla hujasafisha, ukafuta habari njema kwa mkono wako. Na fankshoni hii inarudisha 0 muda ukiisha, kinyume na mazoea ya keneli ambako 0 ni heri.

Kwa kadi za PCI kuna mtego mwingine. `writel()` inaweza kurudi kabla maandishi hayajafika kwenye kifaa, kwa sababu basi inayahifadhi njiani. Ukiandika "jizime upya" kisha `udelay(5)`, huenda zile 5 µs zimekwisha amri ingali njiani. Soma rejista yoyote ya kifaa hicho isiyo na madhara mara baada ya kuandika, kisha ndipo uanze kuhesabu.

Ukilinganisha `jiffies` (kaunta ya tiki za keneli) mwenyewe, tumia `time_after()`, usitumie alama ya `>`. Kaunta hiyo huzunguka na kurudi sifuri, na wandishi wa keneli waliianzisha makusudi ili kwenye mashine za biti 32 izunguke dakika 5 baada ya kuwasha. Draiva inayoganda dakika 5 baada ya kuwasha mashine, anza kuishuku hapo.

## Hatua ya 7: Pima

Unganisha logiki analaiza kwenye E, RS na D4, na ardhi kwa ardhi. Rekodi kwa MHz 24, ambapo kila sampuli ni karibu 42 ns. Tuma herufi moja. Unatafuta mapigo mawili ya E yaliyokaribiana, kila moja likiwa juu kwa 1 µs au zaidi, kisha ukimya wa angalau 60 µs kabla ya jozi inayofuata.

Kama huna analaiza, pima ndani ya kodi:

```c
ktime_t t0 = ktime_get();
lcd_baiti(l, 1, 'A');
dev_info(l->dev, "%lld us\n", ktime_us_delta(ktime_get(), t0));
```

Usiiweke `dev_info` katikati ya mapigo. Kuandika kwenye logi kunachukua muda, na mara nyingi ndiko "kunakotibu" hitilafu: unaongeza mstari wa kuchunguza, skrini inapona, unauondoa, inaugua. Ukiona hivyo, una sakafu ambayo haijafikiwa, na inaanzia jirani na mstari huo.

Rudia kipimo mashine ikiwa imeelemewa, kwa mfano `stress-ng --cpu 4` ikiendelea kwenye dirisha jingine. Muda utarefuka, na kwa sakafu hilo ni sawa. Usifupike kamwe.

Mwisho, pitisha faili yako kwenye `scripts/checkpatch.pl -f` iliyomo ndani ya msimbo wa keneli. Itakuonyesha kila `msleep` iliyo chini ya 20 ms, na kila `usleep_range` ambayo chini na juu zake ni sawa. Kila onyo lake lirudishe kwenye jedwali la hatua ya 1, na pale utakapokuta muda usio na mstari kwenye jedwali hilo, tafuta chanzo chake kwenye datashiti kabla ya kuugusa.